Majani Yaliyokataa Kuoza

Nyumbani, 12 Juni

Mdogo wangu Randa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nakujua, unakula umesimama na kusoma umesimama kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Keti kwanza. Sisi huku tu wazima, Mungu ametushika mkono. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila ulimi wake haujambo. Juzi amemwambia mchungaji kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko dhambi zetu.

Habari yangu kubwa ni ule mteremko nyuma ya nyumba. Unakumbuka upepo ulivyoangusha miti mikubwa pale, pakabaki uwazi kama fizi iliyong'olewa meno. Sasa sisi wanawake wa kanisani tumepanda miche ya miti ya msituni katika uwazi wote ule. Ofisi ya misitu imetupa sharti moja tu: miche ikivuka kiangazi hiki, mteremko mzima tunaachiwa tuutunze sisi. Ikifa, anapewa mtu wa mbao aje akate hata miti iliyobaki. Kwa hiyo, mwana wa mama, nimeacha kuomba mambo mengine. Nikipiga magoti ni miche tu. Nadhani hata Mungu ameshaijua mmoja mmoja.

Ngoja nikusimulie jambo. Ofisi imetuletea bibi misitu, binti mwembamba mwenye buti kubwa kuliko yeye. Siku ya kwanza alituuliza, "Majani yote haya yanayoanguka msituni kila siku, mbona hayajatufunika? Nani anayeyaondoa?" Sisi kwa pamoja tukasema Mungu. Akacheka. "Sawa mama zangu, na amemtuma nani?" Akainama, akainua tabaka la majani makavu, na chini yake kulikuwa na paa jembamba la udongo, limejengwa juu ya majani kama shuka. Alipolibandua kidogo, mchwa wakatawanyika kama watu waliofumaniwa.

Anasema kuna wadudu wengi na ukungu wanaoozesha majani, lakini wengi wao wakikosa maji hulala. Mchwa halali. Hupandisha unyevu kutoka chini ardhini, hujijengea paa lake la udongo, kisha hula majani humo humo kivulini. Vijia vyake ndivyo vinavyoifungua ardhi hata mvua ikija iingie badala ya kukimbia. Kwa hiyo kiangazi hiki, anasema, tegemeo la miche ni mchwa. Nilishika kichwa. Miaka yote tumemlaani huyu mdudu, kumbe ni mtumishi.

Lakini sasa nguzo ya chumbani kwa mama, ile uliyokuja nayo kutoka mjini ukaisimamisha mwenyewe, imeanza kumwaga punje ndogo ngumu, kama mchanga mnene. Mama anazifagia asubuhi, kesho zipo tena. Ukiigonga inalia kama iko tupu ndani. Wewe ndiwe fundi. Tufanyeje?

Dada yako akupendaye


Mjini, 20 Juni

Dada, Mama Miche,

Nimesoma nimesimama. Kiti chenyewe nimekiuza, fundi seremala hana kiti.

Nimecheka hadi mwenye karakana akaniuliza kama nimerithi. Mchwa mtumishi! Dada, mimi na huyo mtumishi wako tunajuana. Amenilia kabati la mteja, amenilia milango, amenilia hata benchi ninaloegemea. Akinikuta nimekaa sana atanila na mimi. Mwambie bibi misitu aje akae karakana hapa kidogo tu, atabadilisha somo.

Nimempa kondakta wa basi kopo la dawa, kubwa, limefungwa vizuri. Mwambie mama apake kwenye nguzo tu, chini na kwenye nyufa, na anawe mikono. Iliyobaki ifungeni muiweke juu, ni kali.

Msinione nimenyamaza siku hizi. Kuna jambo zuri linapikwa. Likiiva nitakuambia. Nimechoka kulala chumba ambacho nikinyoosha miguu nafungua mlango. Nataka kurudi nyumbani, dada, nimsikie mama akinisema ana kwa ana.

Mdogo wako,
Randa


Nyumbani, 30 Julai

Mdogo wangu,

Salamu katika jina la Bwana. Kopo lilifika, mama alilipokea mwenyewe, akasema hakuna mtu wa kumfundisha kupaka dawa. Basi nikamwachia, nawe unajua mama akishasema hivyo.

Nguzo bado inamwaga punje. Pengine dawa inachukua muda.

Nakuandikia moyo ukiwa mzito. Mvua hakuna. Jua limekaa juu yetu kama mgeni asiyeaga. Miche ya upande wa chini, karibu na kijito, inavumilia. Ukiinua majani pale unakuta ardhi bado ina ubaridi, na mchwa wako kazini, nakuambia kweli, hawana hata siku ya ibada. Lakini upande wa juu, karibu na kile kichuguu kikubwa, kuna jambo silielewi. Majani yamekataa kuoza. Yameanguka juu ya mengine, na mengine juu ya hayo, yote mazima, makavu, ukikanyaga yanalia kama karatasi. Chini yake udongo umekuwa mgumu kama sakafu. Miche inainamisha vichwa. Tunachota maji kijitoni na kumwagilia, maji yanateremka yote kama tumeyamwaga mezani.

Bibi misitu amekwenda ofisini kwao, atarudi mvua zikianza, ndipo atakapoandika uamuzi. Rafiki yangu fundi cherehani ameanza kusema huenda tumelaaniwa upande ule. Nikamwambia Mungu halaani miche. Lakini nikifika nyumbani nalia jikoni, nasingizia moshi.

Hilo jambo zuri lako limeiva? Nipe, nina njaa ya habari njema.

Dada yako


Mjini, 9 Agosti

Dada yangu mpenzi,

Limeiva! Kaa wewe sasa.

Tajiri wangu anafungua kiwanda cha mbao huko kwetu. Huko huko! Amesema mimi ndiye nitakayekuwa msimamizi. Nitaamka kwa mama, nitakunywa uji wa mama, nitakwenda kazini kwa miguu. Anasubiri kibali cha ofisi tu, anasema kitatoka mvua zikianza. Nimeshaanza kugawa vitu vyangu. Jirani amechukua jiko, na kitanda nacho amekipigia hesabu.

Usihuzunike kwa miche, dada. Mkipanda mingine mwakani nitakuwa hapo, nitawachimbia mashimo. Nilitaka mama asiambiwe kwanza, nimshtue, lakini najua wewe huwezi kuficha kitu, uso wako unasema kabla ya mdomo. Basi mwambie.

Mdogo wako, karibu msimamizi,
Randa


Nyumbani, 16 Agosti

Randa,

Sijamwambia mama.

Nilisoma barua yako nikafurahi hadi mstari wa kibali. Nikarudia. Kibali kinachotoka mvua zikianza. Hapa kwetu kuna kibali kimoja tu kinachosubiri mvua, nacho ni cha mteremko huu. Tajiri wako ndiye mtu wa mbao. Kiwanda chake kinaishi miche yetu ikifa.

Nilipanda mteremkoni na barua mkononi. Nilikwenda hadi kwenye kichuguu, mahali ambapo huwa siendi kwa sababu ya nyasi kali. Nimekuta pamemwagwa dawa. Harufu ni ile ile ya kopo lako. Mchwa wamekufa chini ya mapaa yao, wamejaa kama mchele. Sio kichuguu peke yake, ni upande wote wa juu, huku tone, kule tone. Kumbe hakuna laana. Wafanyakazi wameuawa, ndiyo maana kazi imesimama.

Dawa ilitoka kwako. Faida inakwenda kwako. Nimejizuia nisiandike, nimeomba, nimeimba, nimefua nguo zilizokwisha kufuliwa, lakini neno limekataa kushuka. Nakuuliza mbele za Mungu: ulijua? Ulimtuma mtu?

Nilikubeba mgongoni mwangu, Randa. Nijibu.

Dada yako


Mjini, 23 Agosti

Dada,

Sikujua ni mteremko huo. Tajiri alisema "msitu kule kwenu", nami msitu kwangu ni mkubwa, nilidhani ni ng'ambo ya kijito. Hukunitajia mtu wa mbao ni nani, nami sikuuliza. Nilipaswa kuuliza. Hilo nimekosa.

Dawa niliagiza ipakwe nguzo. Soma barua yangu, unayo.

Sikumtuma mtu.

Nitumie punje chache za ile nguzo, zifunge kwenye karatasi. Nina sababu.

Randa


Nyumbani, 1 Septemba

Mwanangu Randa,

Ni mimi mama yako nasema, dada yako anaandika. Nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitoa, asinirembee.

Dada yako hali vizuri. Anakwenda mteremkoni anarudi kama mtu aliyezika. Nikamuuliza una nini, akasema hana kitu. Jana nikamkuta anasoma barua yako huku analia, na moshi hakuna. Nikamwambia nisomee. Akakataa. Nikamwambia mimi ndiye niliyewazaa wote wawili, hakuna barua kati yenu isiyonihusu. Akanisomea yote, yako na yake.

Sasa sikia. Kopo lako lilipofika nilipaka nguzo. Likabaki karibu lote. Nikafikiri, mimi nipake mti mmoja, na wenyewe wako kule kwenye kichuguu wanazaana kila siku? Nitapaka hadi lini? Bora niwafuate kwao. Basi nilipokwenda kuokota kuni nikachukua kopo ndani ya kikapu, nikawamwagia kichuguu, na kila nilipowaona chini ya majani nikawapa lao. Nilifanya kazi safi. Nilirudi nimechoka, nikalala usingizi mtamu kabisa.

Dada yako ameacha kuandika. Ananitazama. Andika wewe! Nimesema kila neno.

Hakuna aliyenituma. Randa hakunituma, andika hivyo kwa herufi kubwa: RANDA HAKUNITUMA. Nilidhani naisaidia nyumba. Habari za mchwa kuwa watumishi nilizisikia, lakini nilidhani ni maneno ya yule binti wa buti, na mimi maneno ya watu wenye buti huwa nayaacha yapite. Nimemkosea dada yako na wanawake wenzake, na Jumapili nitasimama mbele yao niseme kwa mdomo wangu. Mchungaji atapata mapumziko.

Wewe nawe, hiyo kazi ya usimamizi ningeipenda. Ningekupikia uji. Lakini nisingependa kukunywesha uji uliopikwa kwa kuni za machozi ya dada yako. Amua mwenyewe, umekua.

Mama yenu

Randa, haya sasa ni yangu. Sijui niweke wapi uso wangu. Nimemshitaki ndugu yangu mbele za Mungu, na Mungu alikuwa anajua. Nisamehe. Punje ziko ndani ya karatasi hii. Nisamehe, mdogo wangu.


Mjini, 12 Septemba

Dada,

Nimekusamehe kabla basi halijazima injini. Tena nikicheka, maana nilimwona akilini mama na kikapu chake akinyatia kichuguu. Ningekuwa mchwa ningehama mwenyewe.

Sasa keti. Punje zako nimezimwaga juu ya benchi, nikamwita fundi mwenzangu mzee, tukazitazama kwenye mwanga. Nilidhani hivyo, sasa nina hakika. Huyu si mchwa wako wa majani. Mchwa wa msituni huja na udongo, anajenga kijia chake ukutani kabla hajagusa kitu. Wewe uliona udongo wowote kwenye nguzo? Hukuona, ungenitajia. Huyu anayemwaga punje anaishi ndani ya mbao kavu yenyewe, hashuki ardhini hata kunywa maji. Anazaliwa humo, anakula humo, na punje ni mavi yake, samahani kwa neno.

Maana yake alikuja na nguzo. Na nguzo niliileta mimi, nimeifunga juu ya basi, nikiwatazama abiria wengine kwa majivuno. Basi dada, wale wa mteremkoni wameadhibiwa kwa kosa la mgeni niliyemleta mwenyewe. Itoeni nguzo hiyo muichome moto mbali na nyumba. Egemezeni paa kwa gogo lolote imara mpaka nije.

Kuhusu mteremko. Fundi mzee amekulia karibu na msitu. Anasema ardhi ya pale juu haijafa yote, dawa imekaa mama alipoimwaga tu. Chimbeni udongo wenye harufu muutoe, mfukie mbali na kijito. Kisha kwenye upande mzuri okoteni matawi yaliyoanza kuoza, yenye mchwa ndani, na majani yaliyoshikana kwa udongo, myalaze upande mbaya pamoja na unyevu wake. Msiyapange vizuri. Mnajijua, mtataka kuyapanga kama mashuka. Yaacheni ovyo kama yanavyoanguka.

Na tajiri. Nilimwambia sitasimamia kiwanda kwenye mteremko huo. Akaniuliza, "Kwa sababu ya nini?" Nikasema kwa sababu ya mchwa. Alinitazama kama anayetafuta homa. Akasema mafundi wako tele. Nikamwambia ni kweli. Nimekwenda kwa jirani kudai jiko langu, nimekuta amelipaka rangi. Amenirudishia, linang'aa kuliko nilivyompa.

Sina uchungu, dada. Uchungu mdogo tu, wa uji. Utapita.

Mdogo wako,
Randa


Nyumbani, 4 Novemba

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia huku mvua ikipiga bati hata sijisikii nikifikiri. Bwana ni mwema.

Tulifanya ulivyosema. Wanawake wote walikuja, hata fundi cherehani na mgongo wake. Mama alisimama kanisani akasema kosa lake bila kulipunguza, na alipomaliza akauliza nani ana jembe. Tulichimba udongo wenye sumu. Tulibeba matawi yenye mchwa vichwani, wakituingia shingoni, watu wanaruka na kupiga kelele, mama anawafokea, "Taratibu, mtawaua, hawa tunawaomba msamaha!" Tukayalaza upande wa juu. Kulikuwa na mmoja aliyeanza kuyapanga mistari. Simtaji. Ni mimi.

Kisha tukangoja. Nguo yangu ya kanisani imechakaa magotini.

Bibi misitu alikuja mvua ya kwanza ilipokatika. Tulimwonyesha upande wa chini: miche imesimama, mingine inafika kiunoni. Alifurahi. Kisha akapanda juu, nasi nyuma yake kama tunakwenda kuona mgonjwa. Miche mingi ya huko imekufa, Randa, sikufichi. Akauliza palitokea nini. Kabla sijafungua mdomo mama akainua mkono. "Mimi. Nilikuwa nawaua mchwa." Binti yule akamtazama sana. Akainama, akainua tawi moja kati ya yale tuliyobeba.

Chini yake kulikuwa na udongo mbichi, mwekundu, umejengwa jana au juzi. Paa jipya, dogo kama kiganja. Na majani yaliyokuwa yanalia kama karatasi yalikuwa yameanza kulainika, yana matundu matundu kama kitambaa cha kufuma. Alichomeka kijiti ardhini kikazama. Mwezi uliopita hata jembe lilikuwa linarudi.

Alikaa chini hapo hapo kwenye tope na buti zake. Akasema, "Sharti lilikuwa miche ivuke kiangazi. Haijavuka yote." Akatoa kalamu. "Lakini ofisi inataka watunzaji, na mtunzaji ni mtu anayejua akiharibu atarudishaje. Nitaandika hivyo." Akaandika. Wiki iliyopita jibu limefika na muhuri: mteremko wote tumeachiwa sisi. Upande wa juu tuupande upya mvua hizi.

Tulipiga vigelegele mpaka mchungaji akatoka kuuliza nani anaolewa.

Mtu wa mbao nasikia anatafuta msitu mahali pengine. Namwombea asiupate, Mungu anisamehe.

Sasa jambo lako. Hatuna usimamizi wa kukupa, na sitakudanganya kwamba kuna kazi inakungoja. Ila hapa watu bado wanakaa kwenye vitanda wanapokuwa na wageni, maana viti hawana, na anayetengeneza viti hakuna. Fikiria. Uji upo.

Kila mmoja wetu amepewa mche wa kupanda upande wa juu. Wako upo kibarazani, nimeuweka mvua isiupige sana. Una majani manne na la tano linajikunjua. Bibi misitu anasema mti wa namna hiyo hukua taratibu, hata sisi tukiwa tumelala kaburini utakuwa bado kijana, kwa hiyo usiutazame kwa jicho la fundi.

Wenzangu wameshapanda yao. Wamesema niupande na wako, nimekataa. Shimo lako lipo, ardhi imelainika, nawe ni wewe wa kushika jembe. Njoo mvua ingali inanyesha.

Dada yako


Mjini, 10 Novemba

Dada,

Barua hii na mimi tutakuwa basi moja. Sijui nani atashuka kwanza.

Randa